Pampu au komoni reli: kuchagua pikapu ya dizeli huku Nyanda za Juu

Mjomba alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo huku kwetu mtu hapigi simu ila kuna msiba au kuna gari linauzwa. Safari hii lilikuwa gari. Tena mawili, yamepangwa ubavu kwa ubavu kwenye yadi moja hapa Mbeya mjini: Hilux ya 1996, kebini moja, injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), na Hilux Vigo ya 2008, dabo kebini, injini ya 2KD. Bei zilikaribiana mno, jambo ambalo mjomba aliliona kichekesho. "Mjomba," akaniambia (tunaitana hivyohivyo wote wawili), "hili la zamani watu wanasema halifi. Hili jipya wanasema linapanda mlima kama halina mzigo. Nichukue lipi?"

Mjomba analima viazi Isyonje, pale barabara ya Tukuyu inapochepuka kwenda Kikondo na Makete. Viazi vyake vinashuka mjini kwa lumbesa, na lumbesa ya viazi, kama hujawahi kusaidia kuipakia, inapita kilo mia bila shida. Kumi zikishapangwa nyuma, pikapu iliyotengenezwa kubeba kama tani moja imekwisha kuzidiwa kabla dereva hajakaa. Kwa hiyo hakuwa anauliza kwa ushabiki.

Tuanze kwa kuondoa njiani habari ya namba. Mtu akikuambia "hii namba D" anataka usikie kwamba gari ni jipya. Herufi ile inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Hilux ya 1996 iliyoshushwa bandarini mwaka 2016 ina namba D sawa na gari lililotoka kiwandani mwaka huohuo. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, na mwenye mashaka asome namba ya chesesi. Nimeona watu wazima wakilipia herufi.

Lakini hata mwaka wenyewe haukupi jibu. Mpaka kati ya dizeli ya zamani na dizeli ya kisasa haupo kwenye kalenda. Upo kwenye njia ambayo mafuta yanaingizwa ndani ya silinda.

Kwenye 2L, 3L na 5L za Hilux, na kwenye 1HZ ya Land Cruiser, kuna pampu moja ya chuma inayozungushwa na injini yenyewe. Inavuta dizeli, inaipima, inaigawa kwa zamu kupitia mabomba membamba hadi kwenye nozeli. Nozeli yenyewe ni sindano na springi: msukumo ukifika bar mia na kitu, sindano inainuka na dizeli inapuliziwa kwenye kachumba kadogo kilichochongwa kwenye silinda hedi, inaanza kuwakia humo, kisha moto unatokea upande wa pistoni. Hakuna kompyuta. Injini ikishawaka, umeme inaohitaji ni wa kushikilia swichi ya kukatia mafuta, waya mmoja tu. Ndiyo maana fundi aliyejifunza chini ya mwembe anaifungua, anaifunga, na inawaka.

Kwenye komoni reli, ambayo kwa Hilux ndiyo 1KD ya lita 3.0 na 2KD ya lita 2.5, pampu haigawi kitu. Kazi yake ni kujaza bomba moja nene, reli, kwa msukumo unaoweza kupita bar 1,300. Nozeli zote zinachota humo, na kila moja inafunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta, zaidi ya mara moja katika pigo moja la pistoni. Mafuta yanatoka kama ukungu, yanaungua karibu yote, injini inanguruma kidogo na kuvuta sana. 3L ina nguvu za farasi takriban 90. 2KD, ambayo kwa ujazo ni ndogo kuliko 3L, ilitoka na kuanzia 102 hadi 144 kutegemea toleo, na 1KD inapita 160. Ila ili sindano ifanye kazi kwa msukumo ule, nafasi kati ya chuma na chuma ni ya kupimwa kwa mikroni. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho ni jiwe kwake.

Kuna jambo moja la kibiashara linaloeleza kwa nini magari haya mawili hayafanani hata yalikotoka. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikarudi mwaka 2017. Hivyo Hilux za zamani za pampu zilikuja kwetu kwa meli kutoka Japani, kwenye barabara nzuri na mafuta masafi, lakini Vigo ulizoziona yadi zimetoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini, au zimetumika hapahapa na mashirika na miradi. Ya Uingereza ikague chini kabla ya juu: wenzetu wale wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chesesi kimyakimya chini ya rangi nyeusi iliyopulizwa juzi. Gonga kwa nyundo ndogo, urefu wote. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boga.

Sasa tuje kwenye milima yetu, maana hapa ndipo ushauri wa watu wa Dar unapotupoteza. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko mbali na hapo, Njombe ni juu zaidi, na ukifika Kitulo umepita mita 2,600. Hewa ya urefu huu ni nyepesi. Kwa hapa mjini, kila mara pistoni inaposhuka kuvuta hewa, inapata takriban moja ya tano pungufu ya ile ambayo ingepata Kariakoo. Injini isiyo na tabo haina namna ya kufidia. Farasi 90 za 3L ni za pwani. Huku zinabaki kama 75, na zinaendelea kupungua kadiri unavyopanda kwenda Isyonje. Tena pampu nyingi za kizamani hazijui kwamba hewa imepungua. Zinamwaga dizeli ileile waliyozipimia huko chini, na ile isiyopata hewa ya kuiunguza inatokea nyuma kama moshi mweusi. Pikapu inayotoa wingu jeusi ikipanda Mlima Nyoka na mzigo si lazima iwe mbovu. Mara nyingi inakosa pumzi tu. Fundi mzuri wa pampu anaweza kuipunguzia mafuta kidogo, ukapoteza nguvu ambazo kwa kweli hukuwa nazo, na ukaokoa dizeli.

Tabo, ambayo 2KD inayo na 3L haina, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukumiza hewa ndani. Hewa ikiwa nyepesi, inazunguka kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Komoni reli inaongezea kihisio kinachopima hewa na kuiambia kompyuta ipunguze au iongeze dizeli. Ndiyo sababu pengo kati ya 3L na 2KD, ambalo Kibaha ni la kawaida, kwenye kona za Kitonga linakuwa aibu.

Na baridi? Kile kachumba kadogo kwenye silinda hedi kina kuta nyingi za chuma za kunyonya joto, kwa hiyo injini za aina ya 3L haziwaki asubuhi ya Julai bila hita plagi nzima, zile plagi za kupasha joto kabla ya kuwasha. Makete nimewaona watu wakisukuma Hilux ambayo mchana haina shida yoyote. Plagi mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa, na mwenyewe hajui kwa sababu aliinunua mwezi wa kumi na mbili.

Mpaka hapo utadhani namnadia mjomba Vigo. Ngoja tuje kwenye kidumu.

Mwaka 2019 nilikuwa na Vigo yangu mwenyewe, nimetoka Ludewa, taa ya mafuta inawaka. Nikanunua lita ishirini za dumu kwa mtu wa kijijini. Siku ya tatu gari likaanza kugonga asubuhi kama mtu anayepiga karanga kwenye kinu, likitoa moshi mweupe. Fundi hakufungua kitu. Alitoa mafuta kidogo kwenye filta, akayatia kwenye chupa ya soda, akaisimamisha dirishani, akaniambia nikanywe chai. Niliporudi, dizeli ilikuwa juu, rangi ya dhahabu. Chini kabisa kulikuwa na kidole kizima cha maji, na kati yake na dizeli utando wa kahawia kama maziwa yaliyoganda. "Umelipia maji, kaka," akasema. Nozeli mbili zilikuwa zimekwisha.

Pampu ya 3L nayo haipendi maji, tusidanganyane. Mafuta yenyewe ndiyo yanayoilainisha, na maji yanaitia kutu. Lakini ingekohoa, ingezima, ungemwaga filta, ungeendelea. Komoni reli inakutumia bili. Na ujue kwamba nozeli nne halisi za 1KD zinaweza kukaribia bei ya injini nzima ya 3L iliyotumika. Ubaya wa mafuta siku hizi umepungua: watu wazima mnakumbuka neno "kuchakachua" liliposhika kila mdomo, enzi dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa. EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta nchini, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikafa. Vituo vya barabara kuu kwa hiyo sivyo vinavyonitia hofu. Hofu yangu ni dumu, pipa la shambani lisilo na mfuniko, na kituo cha pembeni wakati wa masika ambacho tangi lake la ardhini linavuja kuelekea ndani.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague nini, nitakurudishia swali: dizeli yako unainunua wapi? La pili ni kilomita. EWURA inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, chukua kalamu. Tuseme 3L yenye mzigo inakupa kilomita 9 kwa lita, na 2KD kilomita 11 na nusu, tofauti ambayo si ya kuota. Mtu wa Mafinga anayepeleka mbao na kurudi, kilomita 3,000 kwa mwezi, anaokoa takriban lita 72 kila mwezi, zaidi ya lita 860 kwa mwaka. Huyo hata akibadilisha nozeli kila baada ya miaka kadhaa, Vigo imemlipa, na muda wake mlimani haujapotea nyuma ya malori. Anayezunguka kilomita 500 kwa mwezi kati ya shamba na mnada anaokoa lita 12. Kwa mwaka hazifiki 150. Nozeli moja ikifa, akiba ya miaka imekwenda nayo.

Hapa katikati kuna kundi ambalo mimi silipendi, na wenye nalo watanisamehe: zile za mpito, tabo juu ya silinda hedi ya kizamani, pampu inayoongozwa na kompyuta. 1KZ-TE ya lita 3.0 ndiyo mfano wake, utaikuta kwenye Surf, Prado na baadhi ya Hilux. Inavuta vizuri sana, na inajulikana dunia nzima kwa kupasuka silinda hedi ikichemka. Mtu wa tambarare anaweza kuzeeka nayo. Mtu wa Kitonga mwenye rejeta ya miaka ishirini, mzigo na haraka, mh.

Za kampuni nyingine nazipitia haraka. TD27 ya Nissan ni ya pampu, taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. Polepole lakini mvumilivu. 4D56 ya Mitsubishi L200 ina mikanda miwili, na ule mdogo ukikatika unaweza kuuchukua mkubwa, kwa hiyo badilisha yote pamoja. YD25 ya Nissan Navara ina mnyororo, ila matoleo ya mwanzo mnyororo huo unalegea. Sikiliza mlio wa kukwaruza mbele ya injini. Isuzu ya 4JJ1 ni komoni reli ninayoiheshimu. Ford Ranger ya lita 3.2 ina nguvu za kutisha, lakini ukimwaga oili usiiache wazi ukaenda kula: pampu yake ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena, na injini ikawashwa kavu. Fundi wako lazima awe analijua hilo kabla hajashika spana.

Hilux za 2015 na kuendelea, zenye 1GD na 2GD, ni nzuri na zina mnyororo badala ya mkanda, ila zile za Ulaya zinakuja na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo linajisafisha kwa kuunguza masizi wakati gari linakwenda kwa mwendo wa kutosha kwa muda. Safari za dakika kumi kumi, gia ya pili, tope, ndizo zinazoliziba. Gari la namna hiyo ni la mtu wa Tunduma hadi Dar, si la mtu wa shamba hadi ghalani.

Na kama unataka kuagiza mwenyewe badala ya kununua yadi, usikisie kodi. TRA ina kikokotoo mtandaoni, na gari linavyozidi kuwa kuukuu kuna ushuru wa uchakavu unaoongezeka juu ya mengine. Watu wengi wanalia bandarini kwa sababu walipigia hesabu bei ya gari peke yake.

Siku ya kwenda yadi na mjomba nilimwambia tufike saa moja kasoro, kabla muuzaji hajafungua. Sababu ni moja: injini ya dizeli iliyopashwa moto inasema uongo. Tulipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti, kisha juu ya rejeta. Vigo ilikuwa vuguvugu. Kijana wa yadi akasema aliisogeza kidogo tu. Labda. 3L ilikuwa na umande hadi kwenye kioo, nikaizungusha funguo, taa ya hita ikawaka, ikazima, nikapiga selfu. Ikashika pigo la pili, moshi mweupe kidogo, ukaisha kabla sijahesabu ishirini. Nikafungua mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka, nikaugeuza juu chini na kuuweka palepale kwenye tundu. Ukirushwa au ukirukaruka kama wa sufuria ya ugali, ringi zimekwisha na moshi unapita pembeni ya pistoni. Ulitetemeka tu, ukakaa. Kwenye rejeta hakukuwa na mapovu.

Vigo tuliiacha ipoe hadi saa sita. Fundi niliyemchukua pale Sido alifungua mirija ya rejesho ya nozeli, akafunga chupa nne ndogo za plastiki, moja kwa kila nozeli, akawasha injini dakika chache. Kipimo hiki ni cha bei ya chai na kinasema zaidi ya muuzaji yeyote. Nozeli nzima zinarudisha mafuta kidogo na kwa usawa. Chupa tatu zilifika kimo kimoja, ya nne ilikuwa imewaacha wenzake mara mbili. Kisha akaniomba tushushe sampu, bakuli la oili chini ya injini. Muuzaji akakataa. Kwenye 1KD na 2KD, vizibo vya shaba chini ya nozeli vikivuja, masizi yanashuka kwenye oili, yanageuka lami, na kuziba chujio la pampu ya oili pale chini. Injini inakufa kwa kiu huku geji ya kupimia ikionyesha oili imejaa. Kwa gari la umri ule mimi silipi bila kuliona chujio hilo, au bei ishuke kiasi cha kubeba hatari yake. Mkanda wa taimingi nao: 1KD na 2KD zinatakiwa kubadilishwa kila kilomita 150,000, na hakuna aliyeweza kutuambia ulibadilishwa lini.

Tukapanda na 3L hadi Uyole na kuendelea juu, mjomba akiendesha, mimi nikitazama kioo cha nyuma na mshale wa joto. Wingu jeusi lilikuwepo. Gia ya tatu ikawa ya pili mapema kuliko alivyotaka. Akanuna kidogo.

"Haina haraka hii," akasema.

"Haina."

"Na dizeli mimi huwa nanunua pale kwa mzee wa pipa."

Nikanyamaza. Tukageuza pale kwenye mabanda ya ndizi, akashuka mteremko mzima kwa gia ya tatu bila kugusa breki sana, kisha akaniuliza fundi wa pampu anaweza kupunguza ule moshi kwa shilingi ngapi.